KILIMO CHA MBOGA KATIKA VISIWA VYA BARIDI: KAZI YA NYUMBA ZA KIOO NA MAHANDAKI YA PLASTIKI

Katika visiwa vilivyo mbali na bara, mboga mbichi huwa ni suala la usafiri kabla ya kuwa suala la kilimo. Visiwa vya Falkland, vilivyoko kusini ya bahari ya Atlantiki kiasi cha kilomita 480 kutoka pwani ya Amerika ya Kusini, ni mfano ulio wazi. Wakaazi wake hawafiki 4,000. Walio wengi wanaishi katika mji mkuu wa Stanley, na waliobaki wametawanyika katika mashamba ya kondoo ambayo wenyeji huyaita Camp. Nyama ya kondoo haijapata kuwa adimu huko. Zamani iliitwa kwa utani "365", kwa kuwa ililiwa kila siku ya mwaka. Kilichokuwa adimu ni jani bichi la saladi.

Kwa miaka mingi sehemu ya matunda na mboga zilizouzwa madukani ililetwa na ndege ya abiria iliyotoka Chile mara moja kwa wiki. Mwezi wa Machi 2020, kutokana na maradhi ya UVIKO-19, safari hizo zilisitishwa, na hazikurejea hadi Julai 2022. Katika kipindi hicho chote, wakaazi walitegemea meli, ndege za kijeshi zinazotoka Uingereza, na kile walichoweza kukiotesha wenyewe. Aliyekuwa na handaki la plastiki nyuma ya nyumba yake alikuwa na nyanya katika mwezi wa Februari. Asiyekuwa nalo alisubiri meli.

Makala haya yanaeleza nini hasa nyumba za kioo na mahandaki ya plastiki hufanya, na nini hazifanyi. Maelezo hayo ni ya lazima, kwa sababu katika visiwa vya baridi wapo wengi wanaonunua handaki wakidhani wamenunua joto. Wanachokuwa wamenunua ni kinga ya upepo, na mwenye kulifahamu hilo mapema hujiepusha na hasara.

Ifahamike kwanza kwamba baridi ya Falkland si kali kama inavyodhaniwa na wasioijua. Stanley iko katika latitudo ya karibu nyuzi 52 kusini, yaani umbali unaokaribiana na ule wa London kutoka ikweta kwa upande wa kaskazini. Wastani wa joto mwezi wa Januari, ambao huko ni katikati ya kiangazi, ni kiasi cha nyuzi 10 hadi 11 za sentigredi, na mwezi wa Julai ni kama nyuzi 2. Kiangazi hicho ni baridi kwa nyanya, lakini kinatosha kwa viazi, kabeji, karoti na njegere. Tatizo kubwa zaidi ni upepo, ambao kwa wastani wa mwaka mzima huvuma kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa saa, na hauna msimu wa kupumzika. Mmea unaopigwa na upepo wa namna hiyo hufunga vinyweleo vya majani yake ili usipoteze maji, na kwa kufanya hivyo husimamisha ukuaji. Majani huchanika, udongo hukauka juu hata kama mvua ilinyesha jana, na karibu na pwani matone ya chumvi huunguza kila jani changa. Zaidi ya hayo, jalidi huweza kuanguka katika mwezi wowote, hata Januari.

Visiwa hivyo havina miti ya asili. Walowezi wa karne ya 19 walipotaka bustani, walilazimika kutengeneza kinga wenyewe. Waliotesha uzio wa kichaka cha miiba chenye maua ya manjano walichokuja nacho kutoka Uingereza, wakajenga kuta, na ndani ya kuta hizo wakapanda viazi na mboga za majani. Uzio huo wa miiba ungali unaonekana kuzunguka makaazi ya zamani ya Camp, mara nyingine pale ambapo nyumba yenyewe imekwisha kuanguka.

Upande wa pili wa dunia, katika visiwa vya Shetland vilivyoko kaskazini ya Uskoti katika latitudo ya nyuzi 60, wakulima walikuwa na mbinu inayofanana na hiyo. Walijenga boma dogo la mawe makavu, la mviringo au la mraba, lisilozidi hatua chache kwa upana, na humo wakasia mbegu za kabeji ya majani kabla ya kuhamishia miche shambani. Boma hilo halikuwa na paa. Ukuta peke yake, kwa kuzuia upepo na kondoo, ulitosha kuutofautisha mche uliokua na mche uliokufa. Wanaotaka kuelewa handaki la plastiki wafaa waanzie kwenye boma hilo, kwa sababu handaki ni boma lile lile lililoongezewa paa linalopitisha mwanga.

Namna handaki linavyofanya kazi ni nyepesi kueleza. Mwanga wa jua hupenya plastiki au kioo, huupiga udongo na majani, na kugeuka joto. Udongo uliopata joto huipasha hewa iliyo juu yake. Nje, hewa hiyo ingechukuliwa na upepo mara moja na nafasi yake kushikwa na hewa baridi. Ndani, hewa hubaki. Kwa hiyo mchana wa jua, hata kama nje ni nyuzi 10, ndani huweza kufika nyuzi 25 au 30. Usiku mambo hugeuka. Plastiki nyembamba ya kawaida huacha joto la udongo lipite na kupotea angani, na katika usiku wenye mbingu safi na usio na upepo, joto la ndani ya handaki lisilo na moto huweza kushuka hadi kulingana na la nje. Mkaazi aliyepanda nyanya mapema kwa kuamini kwamba plastiki itazilinda na jalidi huamka na kukuta majani meusi yaliyolegea kama yaliyochemshwa.

Kinga ya usiku hupatikana kwa tabaka la pili. Kitambaa chepesi cheupe cha bustani, kikitandazwa juu ya miche ndani ya handaki wakati wa magharibi na kuondolewa asubuhi, huongeza nyuzi 2 au 3. Wengine huweka mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi ili yashike joto la mchana na kulitoa usiku. Mapipa hayo husaidia, lakini kidogo, na mtu asiyategemee kuokoa zao lote.

Kwa msomaji wa Unguja au Pemba inafaa kutaja kwamba handaki hilo hilo, likijengwa katika joto la pwani ya Afrika Mashariki na kufungwa pande zote, litaichoma mimea kabla ya adhuhuri. Huko kinachotakiwa ni kivuli, wavu wa kuzuia wadudu na paa la kuzuia mvua kubwa, na kuta huachwa wazi ili hewa ipite. Umbo la nje ni moja, bali kazi ni kinyume. Ndiyo maana michoro ya majengo haya haifai kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine bila ya kuuliza kwanza yalijengwa kuzuia nini.

Nyumba hizi ziko za aina tatu zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni nyumba ya kioo. Kioo hupitisha mwanga vizuri kuliko vitu vingine, hakichakai kwa jua, na hushika joto la usiku kuliko plastiki nyembamba. Ubaya wake ni bei, uzito na kuvunjika. Kioo kimoja kikitoka katika tufani, upepo huingia kupitia tundu hilo na kuvisukuma vingine kutoka ndani. Mjini Stanley nyumba nyingi zina baraza iliyofungwa kwa vioo upande wa jua. Humo hukaa miche ya nyanya na maua, na ukuta wa nyumba huipa baraza joto bila gharama ya ziada. Kwa mtu mwenye eneo dogo hiyo ndiyo nyumba ya kioo iliyo bora, na mara nyingi anayo tayari bila ya kuihesabu.

Ya pili ni handaki la plastiki. Mabomba ya chuma yaliyopindwa kama upinde huchomekwa ardhini kwa safu, na juu yake huvutwa karatasi ya plastiki iliyotiwa dawa ya kuzuia kuchakaa kwa jua. Ni rahisi kuliko zote kwa kila mita ya mraba ya eneo linalofunikwa. Plastiki nzuri hudumu kiasi cha miaka 4 au 5, na penye upepo mwingi hupungua. Mara nyingi huanza kuchanika pale inaposuguana na chuma, kwa hiyo kila upinde hufungwa utepe wa sponji kabla ya kufunikwa. Gharama ya utepe huo ni ndogo sana ikilinganishwa na ya plastiki mpya.

Ya tatu ni nyumba iliyofunikwa kwa mabamba magumu ya plastiki yenye tabaka mbili na nafasi ya hewa katikati. Mabamba hayo hupunguza mwanga zaidi ya kioo, lakini hushika joto na hayavunjiki kwa urahisi. Shetland imetoa mfano mzuri wa aina hii. Katika eneo la Northmavine, kaskazini ya kisiwa kikubwa, kampuni ya maendeleo ya wanakijiji ilibuni nyumba ambayo matao yake yanatokana na mabomba yaliyokwisha kutumika katika ufugaji wa samaki aina ya samoni, yakishikiliwa na nguzo za mbao zilizozikwa ardhini na kufunikwa kwa mabamba hayo magumu. Iliitwa Polycrub, jina linalotokana na lile la boma la mawe la wazee wao. Faida yake ni kwamba bomba la plastiki hupinda kidogo linapopigwa na dhoruba kisha hurudi, wakati ambapo chuma chembamba hukunjika na kubaki kimekunjika.

Ni vyema hapa pafanywe hesabu, maana wanunuzi wengi huamua kwa kuangalia bei na ukubwa tu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali huongezeka kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 50 kwa saa husukuma ukuta uliosimama kwa nguvu ya karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Kasi ikifika kilomita 100, nguvu haiwi kilo 24 bali karibu 50. Ikifika kilomita 150, kasi ambayo visiwa vya namna hii huiona katika dhoruba kubwa, nguvu hupita kilo 100. Handaki lenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2 lina ubavu wa mita za mraba 20. Kwa hiyo katika dhoruba hiyo linaweza kusukumwa kwa uzito unaokaribia tani 2. Umbo la duara hupunguza mzigo, lakini wakati huo huo upepo unaopita juu ya tao hulinyanyua kama unavyolinyanyua bawa la ndege. Vigingi vilivyopigwa kwa nyundo katika udongo laini haviwezi kuhimili nguvu hiyo.

Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya kujenga handaki iko chini ya ardhi. Mabomba ya msingi huzikwa kwa kina na kumiminiwa zege penye udongo mlaini, hasa udongo mweusi wa piti ambao umejaa Falkland na Shetland. Piti ni majani na mizizi iliyooza nusu kwa karne nyingi. Wenyeji wameikata na kuikausha kuwa kuni kwa vizazi, na nguzo iliyosimamishwa ndani yake bila zege hutikisika kama jino bovu. Kingo za plastiki nazo hufukiwa katika mtaro unaozunguka handaki na kushindiliwa udongo, au hubanwa kwa mbao zilizopigiliwa kwenye fremu. Milango iwe imara kupita sehemu nyingine yoyote. Handaki nyingi haziangushwi na upepo wa nje. Huvunjwa na upepo ulioingia kupitia mlango uliofunguka usiku, ukaijaza plastiki kama tanga la jahazi.

Hatua nyingine ni kuupunguza upepo kabla haujafika. Wengi hudhani ukuta usiopitisha kitu ndio kinga bora. Sivyo. Upepo unaokutana na ukuta mzima huruka juu yake na kuanguka upande wa pili kwa mzunguko mkali, na handaki lililojengwa hapo hupigwa kutoka juu. Kinga nzuri ni ile inayopitisha karibu nusu ya upepo: uzio wa miti, wavu maalumu, au mbao zilizopigiliwa kwa kuachiana nafasi. Kinga ya namna hiyo hutuliza upepo kwa umbali wa karibu mara 10 ya kimo chake. Wavu wa mita 2 utasaidia eneo la mita 20. Isiwekwe karibu mno ikaleta kivuli. Aidha ikumbukwe kwamba katika Falkland jua la mchana liko upande wa kaskazini, na Shetland liko kusini. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, na msomaji wa Stanley hulazimika kuvigeuza.

Vivyo hivyo kwa kalenda. Pakiti ya mbegu iliyochapishwa Uingereza ikisema "Machi", mkaazi wa Falkland husoma Septemba. Kuongeza miezi 6 ni kanuni inayotosha kwa kuanzia, ingawa kiangazi cha huko ni baridi kuliko cha kusini ya Uingereza, na zao linaloiva Agosti nje huko London huenda lisiive kabisa nje huko Stanley.

Jambo lisilorekebishika kwa plastiki ni mwanga. Mwezi wa Desemba mchana wa Stanley huzidi saa 16; mwezi wa Juni haufiki saa 8. Wakulima wa nchi za baridi wanajua kwa uzoefu kwamba mchana ukipungua chini ya saa 10 mboga nyingi husimama kukua, hata kama joto linatosha. Katika Stanley kipindi hicho huanza mwishoni mwa Aprili na kupita katikati ya Agosti. Katika Shetland ni kirefu zaidi, na mwezi wa Desemba mchana haufiki hata saa 6. Kwa hiyo mboga za kuliwa wakati wa baridi, kama vile spinachi, liki, kabeji ya majani na aina ngumu za saladi, hazioteshwi wakati wa baridi. Husiwa katika kiangazi, zikafika ukubwa wake kabla ya siku kufupika, na handaki huzihifadhi zikiwa hai mpaka zikatwe. Anayesia mbegu za saladi mwezi wa Mei atakuwa na miche ile ile, kwa ukubwa ule ule, mwezi wa Agosti.

Wapo wanaouliza kwa nini nyumba hizo zisipashwe moto na kuwekewa taa kama wafanyavyo watu wa Iceland. Ni kweli kwamba Iceland, ingawa iko karibu na mzunguko wa Aktiki, huzalisha nyanya, matango na pilipili boga chini ya kioo, na imetumia maji ya moto yatokayo ardhini kwa ajili hiyo tangu miaka ya 1920. Mji wa Hveragerði, ulio kiasi cha kilomita 45 kutoka Reykjavík, ulikua kwa sababu ya chemchemi hizo. Maji ya moto hupitishwa katika mabomba ndani ya nyumba za kioo, na katika miezi ya giza taa za umeme, unaotokana na maporomoko ya maji na mvuke wa ardhini, huwaka kwa saa nyingi kila siku. Lakini Iceland inalipa sehemu ndogo ya kile ambacho wengine wangelipa kwa mafuta. Falkland haina chemchemi za moto. Umeme wa Stanley hutokana na jenereta za dizeli na, tangu 2007, mitambo ya upepo iliyoko Sand Bay. Kuipasha moto nyumba nzima ya kioo kwa dizeli iliyosafirishwa kwa meli, ili kupata nyanya zilizokusudiwa kupunguza mzigo wa meli, ni hesabu ambayo haikubali.

Inayokubali ni kupasha moto eneo dogo. Meza moja yenye waya wa umeme chini ya mchanga, au dirisha la jikoni, hutosha kuotesha miche 30 ya nyanya mnamo Agosti, wakati ambapo handaki bado ni baridi. Miche hiyo hukua kwa wiki 8 hadi 10 katika joto la nyumbani na kuhamishiwa handakini Oktoba au Novemba, usiku ukiwa umekwisha kupoa ukali. Kwa njia hii matunda ya kwanza hupatikana kuanzia Januari.

Baada ya kujenga, kazi ya kila siku ni kufungua na kufunga. Hapa ndipo watumishi wa serikali wanapopata taabu zaidi kuliko wakulima wa Camp. Asubuhi kuna wingu na baridi, na mtu hufunga milango akaenda ofisini. Saa 4 wingu linaondoka; saa 6 ndani ya handaki ni nyuzi 35 au zaidi, na chavua ya nyanya imeharibika. Mtu huyo hurudi jioni akaikuta mimea imesimama vizuri, asijue lolote, na wiki mbili baadaye hushangaa kwa nini maua yalianguka bila kuzaa. Kwa nyumba za kioo kuna kifaa kinachofungua dirisha bila umeme: silinda ndogo yenye nta, ambayo nta yake ikipata joto hutanuka na kusukuma mkono wa dirisha. Kwa mahandaki, njia ni kuweka wavu badala ya plastiki katika sehemu ya juu ya milango yote miwili, ili hewa ipite hata mwenyewe asipokuwepo. Joto kidogo hupotea, lakini zao hubaki. Handaki lililofungwa mchana kutwa huleta pia unyevu, na unyevu huleta ukungu wa kijivu ambao huanzia kwenye jani lililokufa na kupanda shinani.

Udongo wa piti una asidi nyingi, na mboga nyingi hazistawi ndani yake bila chokaa. Ni bora udongo upimwe kabla ya kutiwa chokaa, kwa kuwa ikizidi nayo huzuia madini mengine. Mbolea za asili hazikosekani: samadi ya kondoo inayokusanyika chini ya sakafu zenye nafasi za mabanda ya kukatia manyoya, na mwani unaotupwa ufukweni na mawimbi. Mwani, ambao Unguja na Pemba hulimwa kwa ajili ya kuuzwa nje, huko hukusanywa baada ya dhoruba, ukaachwa unyeshewe ili chumvi ipungue, kisha ukafukiwa katika matuta. Ndani ya handaki mvua hainyeshi, na jambo hili husahauliwa na wengi. Maji yote lazima yaletwe kwa mkono au kwa mpira, na chumvi za mbolea ambazo nje zingeoshwa na mvua hujikusanya juu ya udongo mwaka hadi mwaka. Dawa yake ni kumwagilia kwa wingi matuta yakiwa matupu, au kubadilisha udongo wa juu.

Ipo njia ya kuotesha mboga bila udongo kabisa, mizizi ikiwa katika maji yaliyotiwa virutubisho. Saladi hukua haraka na safi kwa njia hii, na maradhi ya udongo hayapo; Stanley imepata kuwa na bustani ya biashara ya namna hiyo. Hata hivyo pampu ikisimama, mizizi hukauka katika muda wa saa chache, na virutubisho vyenyewe huja kwa meli. Inamfaa mwenye soko la uhakika, kama vile meli za uvuvi na za watalii zinazotia nanga bandarini, pamoja na jenereta ya akiba. Kwa mahitaji ya nyumbani udongo unatosha.

Kuhusu wadudu, visiwa vilivyo mbali vina bahati ya kuwa na wachache, na ndiyo sababu kanuni za kuingiza mimea na udongo huwa kali. Mche mmoja uliofichwa mkobani unaweza kuleta kile ambacho bahari ilikizuia. Vidukari hata hivyo huingia handakini mapema kila kiangazi. Nje, adui wa bustani za Falkland ni bata bukini wa mwituni, ambao hula majani machanga wakiwa kundi zima. Handaki huwazuia wao, lakini huwazuia pia nyuki na wadudu wengine wenye manufaa. Nyanya hutosheka kwa kutikiswa mashina yake wakati wa mchana ili chavua ianguke, na matango ya aina ya nyumba za kioo huzaa bila kuchavushwa. Maboga lazima mwenyewe achukue ua dume na kuligusisha ua jike.

Mkaazi anayeanza anashauriwa kuanza na handaki dogo lililofungwa vizuri kuliko kubwa lililowekwa kwa haraka, na katika mwaka wa kwanza apande saladi, spinachi, figili na nyanya chache za aina zinazoiva mapema. Kila mwaka kabla ya majira ya dhoruba, karanga za matao zikazwe, bawaba za milango zitazamwe, na kila tundu la plastiki lizibwe kwa utepe maalumu siku ile ile linapoonekana, hata kama ni dogo kama kidole. Plastiki inapofika wakati wa kubadilishwa, hufunikwa siku ya jua na isiyo na upepo, kwa sababu plastiki iliyopata joto hutanuka na baadaye ikipoa hujikaza yenyewe juu ya matao. Iliyofunikwa siku ya baridi hulegea mara jua linapotoka, ikaanza kupigapiga na kuchanika. Watu 4 wanahitajika kwa handaki la mita 10. Huko Falkland siku ya utulivu ya namna hiyo huweza kusubiriwa kwa wiki kadhaa, na majirani huarifiana asubuhi yenyewe inapofika.